Kodiani Iliyozaliwa kwenye Meza ya Marekebisho

Katika miji midogo ya kusini-magharibi mwa jimbo la Louisiana, nchini Marekani, kama vile Eunice, Iota na Scott, kodiani ya Kikajuni, yaani ya Wakajuni wenye asili ya Kifaransa, hutoka katika karakana ya fundi mmoja na wasaidizi wachache. Mteja huiagiza, akaambiwa asubiri, na kabla ya kusubiri huulizwa maswali. Anataka mbao za mepo au za jozi? Ufunguo wa C au wa D? Ndimi za kawaida au zilizomaliziwa kwa mkono? Jina lake lichongwe mbele au lisichongwe? Maswali hayo yana maana, lakini humfanya mteja aamini kwamba ubora wa chombo umo katika orodha ya vitu vilivyotumika kukiunda. Historia ya kodiani hii inasema vingine. Haikuanza kama sanaa ya useremala, wala haikuletwa na mababu wa Wakajuni walipofika Louisiana katika karne ya 18. Ilianza pale bidhaa ya viwanda vya Ujerumani ilipoadimika, wanamuziki wakalazimika kuzifungua kodiani zao kuukuu, kuzitengeneza, na hatimaye kuziiga. Kodiani ya Kikajuni inayotengenezwa kwa mkono ni mtoto wa marekebisho, na anayechagua mpya leo atachagua vizuri zaidi akimpima fundi kwa kipimo kilichomzaa: sikio lake, na uwezo wake wa kukifungua chombo na kukirudisha kikiwa kizima.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua kodiani kwa sura nyingine. Ile inayosikika katika taarabu ya Unguja ina vibao vya piano upande wa kulia na vitufe vingi vya besi upande wa kushoto, na inaweza kupiga noti zote za ufunguo wowote. Ya Kikajuni ni sanduku dogo lenye vitufe 10 tu katika mstari mmoja upande wa kulia, na vitufe 2 vya besi upande wa kushoto. Kila kitufe kina noti mbili: moja mvukuto ukibanwa, nyingine ukivutwa. Mvukuto ukibanwa hutoka zile noti zinazokaa pamoja kama nyumba ya ufunguo wenyewe. Ukivutwa hutoka zilizobaki za skeli. Kwa hiyo mpigaji hawezi kutenganisha wimbo na pumzi, na msukumo ule wa kubana na kuvuta ndio unaoupa muziki huu mdundo wake wa kucheza. Ndani yake, kila noti ina ndimi nne za chuma zinazotetemeka kwa pamoja: moja nene, mbili za kati, moja nyembamba. Noti 20 zikizidishwa kwa ndimi nne ni ndimi 80 upande wa kulia pekee. Juu ya sanduku kuna vishikio vinne, na kila kimoja hufungua au kuziba safu yake ya ndimi. Huu si muundo uliobuniwa Louisiana. Ni muundo wa Kijerumani wa karne ya 19, na Wakajuni waliupokea ukiwa umekamilika.

Tuanze na tarehe, maana hapo ndipo hekaya nyingi huanguka. Mababu wa Wakajuni walikuwa Wafaransa waliohamia Acadie, eneo ambalo leo ni Nova Scotia na majirani zake nchini Kanada, kuanzia mapema karne ya 17. Mwaka 1755 Waingereza walianza kuwafukuza, na baada ya miaka ya kutangatanga baadhi yao wakafika Louisiana, iliyokuwa imeingia mikononi mwa Hispania. Kundi maarufu lililoongozwa na Joseph Broussard, aliyeitwa Beausoleil, liliwasili mwaka 1765. Watu hao hawangeweza kubeba kodiani kwa sababu kodiani haikuwepo. Cyrill Demian alisajili hataza ya chombo alichokiita kwa jina hilo huko Vienna mwaka 1829, miaka zaidi ya 60 baadaye. Chombo cha Wakajuni wa mwanzo kilikuwa fidla, pamoja na sauti ya mtu na mapigo ya miguu. Ushahidi wa zamani wa kodiani Louisiana hautuelekezi hata kwa Mkajuni: picha ya karibu mwaka 1850 iliyo katika Makumbusho ya Jimbo la Louisiana inaonyesha mtu mweusi ameshika kodiani. Hiyo inalingana na yote yaliyofuata. Mpigaji aliyeacha alama nzito kuliko wote katika muziki huu, Amédé Ardoin, alikuwa Mkrioli mweusi. Mwaka 1929 alirekodi na mpiga fidla mzungu, Dennis McGee, na mitindo aliyoiacha ingali inapigwa na Wakajuni na wapigaji wa zydeco, muziki wa Wakrioli weusi wa Louisiana. Basi chombo hiki tangu mwanzo kilikuwa cha kupokewa na cha kushirikiana. Hakikuwa mali ya ukoo mmoja.

Kilichokifanya kienee ni bei na nguvu. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, mji wa Klingenthal na vijiji vinavyouzunguka katika jimbo la Saxony, Ujerumani, vilitengeneza kodiani kwa wingi na kwa gharama ndogo, na katalogi za maduka ya Marekani zikazifikisha hadi kwa mkulima wa mpunga na wa pamba. Baadaye, kampuni ya uagizaji ya Buegeleisen & Jacobson ya New York ilileta zile zilizokuja kupendwa kuliko zote Louisiana: Monarch na Sterling, visanduku vyeusi ambavyo wapigaji waliviita kwa mapenzi "vidogo vyeusi". Katika nyumba iliyojaa wachezaji, bila kipaza sauti, fidla ilizama katika kelele za miguu, kodiani haikuzama. Iliweza kuvumilia joto na unyevu wa Louisiana kuliko chombo cha nyuzi, na hata ulimi mmoja ukikatika, ndimi tatu za noti ileile ziliendelea kuimba. Zilipopatikana zenye funguo za C na D, zikawa zinaoana vyema na fidla. Tarehe 27 Aprili 1928, mjini New Orleans, Joe Falcon na Cléoma Breaux walirekodi "Allons à Lafayette", santuri inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya muziki wa Kikajuni, na kodiani ndiyo iliyoongoza. Sauti ambayo leo inaitwa asilia, ile ambayo kila fundi anataka kuikaribia, ilitoka katika bidhaa ya kiwanda cha ng'ambo.

Kisha chombo kikashuka hadhi kwa upesi. Mafuta yaliyogunduliwa karibu na Jennings mwaka 1901 yalileta barabara, mishahara na wageni waliozungumza Kiingereza. Katiba ya jimbo ya mwaka 1921 ilifanya Kiingereza kuwa lugha pekee ya shule, na watoto waliadhibiwa kwa kuzungumza Kifaransa uwanjani. Katika miaka ya 1930 vipaza sauti vikaingia kumbi za dansi, na sababu kubwa ya kuipenda kodiani, yaani sauti yake kubwa, ikapungua thamani. Bendi za nyuzi kama Hackberry Ramblers zikafuata mitindo ya Texas, na kodiani ikaonekana chombo cha mashambani, cha wazee wasiojua dunia inakokwenda. Vita Kuu ya Pili ikakata uagizaji kutoka Ujerumani, na vita ilipokwisha Klingenthal ilijikuta katika eneo la Wasovieti, ambalo baadaye likawa Ujerumani Mashariki. Kampuni ya Hohner ya Trossingen, iliyokuwa upande wa magharibi, iliendelea kuuza kodiani za mstari mmoja, lakini wapigaji wengi wa Louisiana waliziona hazina nguvu wala wepesi wa zile nyeusi za kabla ya vita.

Kama mambo yangeishia hapo, kodiani ya Kikajuni ingebaki makumbusho. Kilichotokea ni kwamba mahitaji yalirudi wakati uleule ugavi ulipokauka. Mwaka 1948 Iry LeJeune, mpiga kodiani kijana mwenye uoni hafifu aliyekuwa amejilea kwa santuri za Ardoin, alirekodi "La Valse du Pont d'Amour", na mwaka uliofuata Nathan Abshire akatoa "Pine Grove Blues". Wanajeshi waliokuwa wamerudi nyumbani walitaka kusikia tena muziki wa kwao, na kumbi zikataka wapigaji wa kodiani. Kodiani zenyewe zilikuwa zipi? Zilikuwa ni Monarch na Sterling zilizokaa kabatini miaka 15 au 20: nta imekauka, ngozi za vali zimejikunja, mvukuto unavuja, ndimi zimeshika kutu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na hapa uhunzi ulianzia kwenye kuvunjika kwenyewe. Mwenye mkono mwepesi na sikio zuri alianza kuletewa kodiani za jirani. Akikosa kipande, alikitoa katika kodiani iliyokufa. Akikosa kodiani iliyokufa, alikitengeneza. Na mtu aliyekwisha kutengeneza kila kipande, kimoja baada ya kingine, kwa ajili ya vyombo vya wengine, hakuwa amebakiza mengi kabla ya kuunda chombo kizima.

Anayetajwa kwa kawaida kuwa wa kwanza kuvuka mpaka huo ni Sidney Brown wa Lake Charles, mwanamuziki aliyezaliwa mwaka 1906. Baada ya vita alizifanyia kazi kodiani za zamani, kisha akaanza kuunda zake mwenyewe akitumia sehemu za kodiani za viwandani pamoja na sanduku alilolijenga kwa mkono. Kizazi kilichofuata kiliifanya kazi hiyo kuwa biashara yenye jina. Marc Savoy wa Eunice, aliyesomea uhandisi wa kemikali chuoni, alianza kuunda kodiani katika miaka ya 1960 na mwaka 1966 akafungua duka lake, Savoy Music Center, lenye karakana ndani yake. Kodiani zake zinaitwa Acadian. Larry Miller wa Iota alitoa za Bon Tee Cajun, na Junior Martin, mpiga gitaa la chuma, akaanzisha kazi ya familia yake huko Scott. Wote hawa walikuwa wanamuziki kabla ya kuwa mafundi, na wote waliichukua Monarch au Sterling kuwa mfano wa kufuatwa. Waliyoyaongeza, kama mbao nzuri za kuachwa wazi badala ya kupakwa rangi nyeusi, vitufe laini, au mapambo, yalikuja juu ya msingi uliokwisha kueleweka kwa miaka ya kufungua na kufunga.

Ni kitu gani hasa kinaeleweka kwa njia hiyo? Ulimi wa kodiani ni kipande chembamba cha chuma kilichofungwa kwa ribiti upande mmoja juu ya tundu la kibao cha madini. Hewa ikipita, ulimi hupiga ndani na nje ya tundu. Nafasi kati ya ulimi na kingo za tundu ikiwa kubwa mno, hewa hupotea. Ikiwa ndogo mno, ulimi hukwaruza. Ncha ya ulimi ikiinuliwa kupita kiasi, noti huchelewa kuitika na humtaka mpigaji avute kwa nguvu. Ikilala mno, hukwama pindi mvukuto unapobanwa kwa ghafla. Vibao hushikizwa kwenye vipande vya mbao kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na ulimbo, na vali ndogo huzuia hewa isipite upande usiotakiwa. Kutuni hufanywa kwa tupa: ukikwangua karibu na ncha sauti hupanda, ukikwangua karibu na shina hushuka, na ukikwangua kupita kiasi ulimi umekwisha. Kila moja ya hatua hizi ni ndogo kiasi cha kutoonekana dukani. Mteja huona mbao, haoni nafasi ya ulimi. Lakini mrekebishaji amekwisha kuiona kasoro ya kila hatua ikimjia mezani miaka kumi baada ya chombo kuuzwa, ndiyo maana anajua ni uzembe gani huzaa ugonjwa gani.

Suala la kutuni lina uzito wa pekee, kwa kuwa ndilo linaloitenga kodiani ya Louisiana na nyingine za umbo lilelile. Piano na gitaa za kisasa hutuniwa kwa namna inayogawanya oktava katika hatua 12 zilizo sawa, ili chombo kiweze kuhamia ufunguo wowote. Bei ya usawa huo ni kwamba noti ya tatu ya skeli huwa juu kidogo kuliko ile ambayo sikio huisikia kuwa safi. Tofauti yake ni karibu sehemu 14 katika kila mia za nusu-toni. Kwenye chombo kinachohamahama, hasara hiyo inavumilika. Kwenye kodiani ya ufunguo mmoja, ambayo mpigaji wake hubana noti kadhaa za nyumba kwa pamoja karibu katika kila pigo, noti hiyo ya tatu husikika ikigombana na wenzake. Ndiyo maana wapigaji na mafundi wengi wa Louisiana huishusha, ili noti zikikaa pamoja zitulie. Ndimi mbili za kati nazo hutuniwa karibu sawasawa kabisa, zisitoe mtetemo mpana unaopendwa katika muziki wa Kifaransa wa Paris au wa wacheza polka. Sauti inayotoka ni kavu, kali na yenye umoja. Kodiani inaweza kuwa na umbo lote la Kikajuni na bado isisikike hivyo, kwa sababu tu tupa ilipita mahali tofauti.

Hapo pingamizi la kwanza linajitokeza, na ni zito. Karibu mafundi wote wa Louisiana hununua ndimi zao kutoka Italia, hasa katika eneo la Castelfidardo ambako ufundi wa kodiani ulianza mwaka 1863, au kutoka Jamhuri ya Czech. Mivukuto pia mara nyingi huagizwa. Ikiwa moyo na mapafu ya chombo yanatoka ng'ambo, je, kuna haki gani ya kusema kimetengenezwa kwa mkono Louisiana? Jibu la haraka la kizalendo, kwamba mbao ni za hapa, halitoshi. Mbao ndicho kitu chenye mchango mdogo kuliko vyote katika sauti ya kodiani, na mtu akiukubali utetezi huo amekwisha kukubali kwamba ananunua kabati. Jibu la historia lina nguvu zaidi. Kodiani ya Louisiana haikuwahi hata siku moja kuwa na ndimi za Louisiana. Kodiani za Ardoin na Falcon hazikuwa nazo, kodiani ya Sidney Brown haikuwa nazo. Kazi ya huko daima ilikuwa kukichukua kilichotoka kiwandani na kukiweka sawa kwa ajili ya muziki fulani, mkono fulani na ukumbi fulani. Basi kwa mteja, asili ya ndimi ina uzito kidogo tu kama habari. Jambo la kuuliza ni fundi amezifanya nini baada ya kulifungua boksi. Seti ya ndimi ghali zilizofungwa bila kupimwa moja moja haiifikii seti ya kawaida iliyopita chini ya tupa ya mtu mwenye subira.

Pingamizi la pili linatokana na jibu hilo hilo. Ikiwa magwiji walipiga vyombo vya kiwandani, kwa nini mtu wa leo asinunue cha kiwandani, ambacho bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya fundi? Kwa mwanafunzi ambaye hajui kama atadumu, hoja hii haina jibu la kuishinda, na si haki kumtisha kwa maneno ya urithi. Lakini ulinganisho wenyewe una pengo. Vile vidogo vyeusi havikubaki kama vilivyotoka Saxony. Vilipita mikononi mwa wapigaji na warekebishaji waliovituni upya, waliobadilisha vali na kuzishusha ndimi, na vilipendwa katika mazingira ambamo mtu wa kuvihudumia alikuwa umbali wa mwendo wa farasi. Kiwanda cha leo kinaiuza kodiani ya mstari mmoja kwa ulimwengu mzima, kwa hiyo kinaituni kwa namna isiyomchukiza yeyote, wala hakimlazimu muuzaji kuifungua mbele ya mteja. Atakayeinunua na kuipeleka kwa mtaalamu aitengeneze kwa sauti ya Kikajuni atakuwa amerudi palepale kwenye meza ya marekebisho, na gharama za marekebisho zitaanza kuisogeza bei karibu na ile aliyoikimbia.

La tatu huja kutoka kwa wapenzi wa vya kale: kwamba hakuna fundi aliye hai anayeweza kuifikia Monarch halisi, na hivyo mwenye fedha atafute ya zamani. Kuna ukweli ndani yake, kwa sababu baadhi ya visanduku hivyo vina wepesi wa kuitika ambao mafundi wenyewe wanausifu. Hata hivyo, hoja hiyo hupima wabora waliosalia dhidi ya wote wa leo. Vile vilivyokuwa hafifu vilitupwa au vilikatwakatwa kuwa vipuri; vilivyobaki vilibaki kwa sababu vilikuwa bora na kwa sababu kuna mtu aliyeendelea kuvitunza. Kodiani ya karibu miaka 100 inayopigwa vizuri leo imebadilishwa nta, vali, mara nyingi mvukuto, na ndimi zake zimekwanguliwa na mikono kadhaa. Sauti inayosifiwa kuwa ya Ujerumani ya kale, kwa sehemu kubwa, ni sauti ya Louisiana ya warekebishaji. Anayeinunua hanunui chombo kilichokwepa mikono ya mafundi wa huko, bali kile walichokishughulikia kwa muda mrefu kuliko vingine vyote.

Pingamizi la nne ni gumu zaidi kwangu, kwa kuwa linaigusa mbinu ya hoja yenyewe. Huenda asili ya ufundi haituambii lolote kuhusu hali yake ya sasa. Kizazi cha leo kina mashine za kukata mbao kwa kompyuta na vifaa vya kielektroniki vya kupima sauti. Fundi mpya anaweza kujifunza kuunda bila kupitia miaka ya kuponya vyombo vya wengine. Kwa nini basi aadhibiwe kwa kutopita njia ya babu zake? Nakubali kwamba njia si thawabu kwa nafsi yake. Kifaa cha kupima sauti husaidia sana, na sanduku lililokatwa kwa mashine linaweza kuziba hewa vizuri kuliko la msumeno wa mkono. Lakini kasoro za kodiani ni za aina inayojitokeza polepole: nta inayopasuka katika kiangazi cha pili, vali inayoanza kujikunja, noti inayoitika vyema chumbani na kusita jukwaani mvukuto unapopigwa kwa nguvu. Taarifa za kasoro hizo humfikia tu fundi anayezipokea kodiani zikirudi. Asiyerekebisha hana njia ya kujua makosa yake, hata mashine zake ziwe kali namna gani. Kwa hiyo dai langu halihusu ukoo wala ukale wa fundi. Fundi wa miaka 25 anayefungua kodiani tatu za wengine kila wiki yumo ndani ya utamaduni huo kuliko mzee aliyeacha kufungua na kubaki kuunganisha seti zilizoagizwa.

Ni muhimu kulisema hili kwa sababu historia ya nusu karne iliyopita imeivuta kodiani upande mwingine, upande wa nembo. Mwaka 1964 mwanamuziki wa Kikajuni Dewey Balfa na wenzake walipiga katika tamasha la muziki la Newport, mbali na Louisiana, na kushangiliwa na maelfu ya watu, jambo ambalo wakubwa wengi wa nyumbani hawakulitarajia. Mwaka 1968 jimbo likaunda baraza la kuendeleza Kifaransa, na mwaka 1974 tamasha la kuuenzi muziki wa Kikajuni likajaza ukumbi mjini Lafayette. Mwaka 1990 bunge la Louisiana liliitangaza kodiani ya mstari mmoja kuwa chombo rasmi cha muziki cha jimbo. Heshima hiyo ilistahili, na imewapatia mafundi wateja hadi Ulaya. Lakini chombo kikishakuwa nembo, hununuliwa pia na watu wanaotaka kukitazama, na soko hujibu kwa kile kinachotazamwa: mbao zenye mawimbi, kamba wa mtoni waliochongwa mbele, ramani ya jimbo kwenye mvukuto. Hakuna ubaya katika urembo wenyewe. Ubaya ni saa za kazi zikihama kutoka ndani ya sanduku kwenda nje yake, na mteja akihama pamoja nazo.

Tukirudi kwa mnunuzi, historia hii inampa utaratibu wa kuuliza ulio tofauti na ule wa orodha ya vifaa. Kwanza aufunge mvukuto, afungue kamba zake, akishike chombo upande mmoja bila kubonyeza kitufe, na aone upande wa pili unashuka kwa kasi gani. Ukishuka haraka, hewa inavuja, na hakuna ulimi wa bei yoyote utakaoifidia. Kisha apige kila noti kwa pumzi ndogo kabisa, akibana na akivuta, safu moja baada ya nyingine kwa kutumia vishikio vya juu, asikilize ipi inachelewa. Apige kwa nguvu ya ukumbini asikilize ipi inakwama. Abane noti za nyumba pamoja asikie kama zinatulia. Amuulize fundi anatuni vipi noti ya tatu na kwa nini. Anayeweza kueleza sababu, hata kama ameamua kuiacha sawa na piano ili ioane na gitaa, amelifikiri jambo hilo, na asiyeielewa hata maana ya swali hajalifikiri. Kuhusu ufunguo, C ndio ulioenea zaidi katika vikao vya kupiga pamoja, na D hufuata. Mnunuzi ambaye hana sababu maalumu anayo sababu ya kufuata wengi, kwa kuwa chombo hiki hakiwezi kubadili ufunguo.

Swali la mwisho ndilo linalopaswa kuwa zito kuliko yote: kodiani hii ikiharibika, nani ataifungua, na je, sasa hivi anazifungua za wengine? Fundi akionyesha rafu iliyojaa kodiani zilizoletwa kutengenezwa, zikiwemo alizoziunda yeye na zisizokuwa zake, mnunuzi ameuona ushahidi ambao mbao haziwezi kuutoa. Ufundi huu haukuletwa Louisiana ukiwa tayari, wala haukulindwa na sheria. Uliundwa na watu waliokosa chombo na kukataa kuukosa muziki. Utadumu kwa njia ileile, na kila mnunuzi anayemlipa fundi kwa kazi iliyo ndani ya sanduku, na kurudi kwake chombo kinapochoka, anasaidia kuuweka hai kuliko sheria yoyote ya nembo.